Tulipokuwa Wote Sehemu ya Kumi na Mbili

Mwaka 2011 ukielekea ukingoni, TBC ilianza kurusha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake. Kwa shangazi yangu, Ngamiani mjini Tanga, katika mojawapo ya zile barabara za namba, kulikuwa na TV ya chogo. Saa ya tamthilia ikikaribia, majirani waliingia na mikeka yao, watoto wamelala mabegani. Doudou ni mke kijana mwenye mama wakwe wawili, kwa kuwa wazazi wa mumewe waliachana na baba akaoa mke mwingine. Tanga hii nani asiyeijua nyumba ya namna hiyo? Sehemu zake 36 zilikuja moja moja, na asubuhi mjadala ulihamia kwa mama muuza vitumbua: mkwe yupi kakosea, Doudou angejibu vipi, yule mume mbona kanyamaza. Aliyekosa kwa sababu ya umeme au msiba alisimuliwa mwanzo mpaka mwisho, na msimulizi akimaliza alishukuriwa.

Machi 2013, Rais Xi Jinping wa Uchina alipohutubia Dar es Salaam, aliitaja tamthilia hiyo. Shangazi alifurahi kama aliyetajiwa mwanawe.

Siku hizi Tanga hakuna anayesubiri saa ya tamthilia. Mwanzoni mwa 2013 mitambo ya analojia ilizimwa, ving'amuzi vikaingia, na baada ya ving'amuzi zikaja flashi. Unakwenda kwenye laibrari ya muvi, kijana anakuuliza unataka ya Kikorea, ya Kituruki au ya Kihindi, iliyotafsiriwa au ya hivyohivyo, na kabla hujamaliza soda sizoni nzima imo mfukoni mwako. Nyumbani ni bandika bandua. Sehemu moja ikiisha nyingine imeshaanza, na adhana ya alfajiri inakukuta bado unajiambia hii ndiyo ya mwisho. Hapo ndipo ulipoanza ugomvi ninaousikia kila baraza ninalokaa: wengine wanasema sizoni zinaharibu watu, wengine wanasema waacheni watu wapumzike.

Wanaolalamika wana hesabu upande wao. Jumong, tamthilia ya Korea Kusini iliyotoka 2006, ina sehemu 81, na kila moja ni kama saa nzima. Hizo ni siku tatu na saa tisa bila kula, kuoga wala kuswali. Diriliş: Ertuğrul ya Uturuki, iliyorushwa kuanzia 2014 hadi 2019, ina sehemu 150, na kwa Waturuki sehemu moja ni karibu saa mbili. Piga hesabu, utapata siku kumi na mbili na zaidi, usiku na mchana. Mtu anayeimaliza kwa mwezi mmoja, muda huo kautoa wapi? Kautoa kwenye usingizi. Mwaka 2017 watafiti wa Ubelgiji waliwauliza vijana 423 wa miaka 18 hadi 25, na wanane katika kila kumi walikiri kuwa huangalia tamthilia mfululizo. Waliokuwa na tabia hiyo zaidi walilala vibaya zaidi, na sababu iliyoonekana ni kichwa kinachobaki kimewaka: mwili uko kitandani, akili bado inamfuata stelingi msituni. Wanaosubiri daku kwa sizoni mwezi wa Ramadhani wanaijua hali hiyo. Unakula, unaswali, unalala, na ndotoni unapigana vita vya watu wengine.

Na haya hayakutokea kwa bahati mbaya. Februari 2013 Netflix, kampuni ya Marekani inayoonyesha filamu kwa mtandao, iliachia sehemu zote 13 za tamthilia ya House of Cards kwa siku moja, na kwao sehemu inayofuata inajiwasha yenyewe usipoizuia. Aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo, Reed Hastings, alisema wazi mwaka 2017 kwamba wanashindana na usingizi. Mwenye duka akikutamkia mwenyewe kwamba anautaka usingizi wako, huna haja ya kubishana naye. Kijana wetu wa laibrari hana mtambo wa namna hiyo, lakini flashi yake inafanya kazi ileile, maana hakuna mlango kati ya sehemu ya kumi na ya kumi na moja.

Mimi nilikuwa upande huu kabisa mpaka nilipomsikiliza shemeji yangu. Anavua dagaa na boti za ringi neti za Deep Sea, mwalo wa wavuvi hapa Tanga. Kazi yao inategemea giza: wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanakusanyika chini ya mwanga, ndipo neti inapozungushwa. Mwezi ukijaa bahari nzima inang'aa, taa inakuwa si kitu, dagaa wanatawanyika. Kwa hiyo mbalamwezi ikiingia boti zinafungwa kwa siku kadhaa. Hawa ni watu ambao kwa wiki mbili na zaidi usiku ndio mchana wao. Ukimwambia mvuvi aangalie tamthilia kistaarabu, saa tatu usiku, sehemu moja kwa siku, unamwambia asiangalie kabisa, kwa sababu saa tatu hiyo yuko majini. Mbalamwezi ndiyo likizo yake, na usingizi wa usiku haumjii hata akiutafuta. Aliniuliza swali moja ambalo sikuwa na jibu lake: "Wewe unanionea uchungu nikiangalia sizoni usiku. Mbona hukunionea nikivuta neti usiku?"

Nilipotazama vizuri nikaona wako wengi wa aina yake. Muuguzi wa zamu, mlinzi wa ghala, dereva wa basi la Dar anayelala Tanga siku moja na kuondoka alfajiri. Ratiba ya televisheni ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaorudi nyumbani jioni. Wengine flashi ndiyo iliyowapa haki ya kufuata hadithi ndefu tangu mwanzo mpaka mwisho, na haki hiyo si ndogo. Sisi ni watu wa hadithi ndefu. Kwenye pwani hii watu wamekesha wakisikiliza tenzi, na hakuna aliyesema tenzi zinaharibu watu.

Lakini bibi alipokuwa akitusimulia alikuwa na desturi moja ambayo flashi haina. Alikatiza. Sungura kashaingia kisimani, fisi anachungulia, bibi anasema ya leo yamekwisha, kalaleni. Tulilala tukibishana sungura atatokaje. Nusu ya hadithi zile tulizitunga wenyewe gizani, na kesho yake tulimwendea bibi na majibu yetu.

Nafasi hiyo ya kati ndiyo ninayoililia, kuliko hata saa za usingizi. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati, juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Wenye umri wangu wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, na mkewe Tunu. Kwa miaka miwili ya mwanzo eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo, makusudi, ili watafiti wapate kulinganisha. Waliona kwamba sehemu zilizosikia mchezo, watu wengi zaidi waliingia katika uzazi wa mpango, na mojawapo ya njia ilikuwa hii: mume na mke walianza kuzungumza. Mazungumzo ya namna hiyo yanataka muda. Mkwaju akifanya upuuzi leo, una siku kadhaa za kumsema nyumbani kabla hujasikia alichofanya tena, na katika kumsema yeye ndipo mke anapata upenyo wa kumsema mumewe bila kumtaja. Sehemu zote za Mkwaju zingetiwa kwenye flashi moja, zikasikilizwa kwa usiku mmoja na masikio yamezibwa kwa earphone, sidhani kama Tunu wa nyumba yoyote angepata upenyo huo.

Kuna jaribio jingine dogo la Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, nalo la 2017. Wanafunzi waligawanywa makundi matatu na kuonyeshwa tamthilia moja ya sehemu sita: kundi moja likaiangalia mfululizo, la pili sehemu moja kila siku, la tatu moja kila wiki. Kesho yake walioangalia mfululizo ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya miezi kadhaa kumbukumbu yao ndiyo iliyoporomoka zaidi, na walisema wameifurahia kidogo kuliko wenzao. Walikuwa wanafunzi hamsini na kitu tu, sitaki kulibebesha jaribio hilo mzigo usio wake. Ila linafanana na ninachokiona. Shangazi hadi leo anakumbuka maneno ya Doudou. Sizoni niliyoimaliza mwezi uliopita, jina la adui limeshanitoka.

Kuna neno moja linaonyesha tulipofika: kuharibu uhondo. Zamani aliyekusimulia kilichotokea alikufanyia hisani. Leo ukimwambia mwenzio nani kafa, amekasirika, umemharibia, naye ana haki, kwa sababu yeye yuko sehemu ya nne na wewe uko ya ishirini. Kila mtu yuko pake. Barazani watu watano wanaangalia sizoni ileile na hakuna anayeruhusiwa kuizungumza. Kilichobaki ni kuambiana jina tu: "Umeiona ile? Itafute, ni kali." Mazungumzo yameishia hapo.

Kwa hiyo huko kupendekezeana nakuchukulia kwa uzito, maana ndicho kipande cha baraza tulichobakiwa nacho. Tunakifanya vibaya. Niliwahi kumsifia wifi yangu Squid Game, sizoni ya kwanza, sehemu tisa tu, nikamwambia hutalala. Sikumwambia kwamba mchezo wa watoto ndani yake unaisha kwa watu kupigwa risasi. Alikaa kuiangalia na mwanawe wa miaka tisa pembeni. Mtoto yule aliogopa kulala peke yake kwa siku nyingi, na kosa lilikuwa langu. "Ni kali" haimwambii mtu chochote. Mwenye kupendekeza aseme ina sehemu ngapi na kila moja ni ndefu kiasi gani, kuna damu au hakuna, inaangalika mbele ya mama mkwe au haiangaliki, na aliyeitafsiri kafuata hadithi au kajiongezea ya kwake. Halafu aulize anayempa anaamka saa ngapi.

Kwa utaratibu huo, Jumong namshauri mvuvi wa mbalamwezi na mtu yeyote aliye kwenye likizo ya kweli. Mwanafunzi wa kidato cha nne simshauri kabla ya Novemba kwisha. Ertuğrul nawashauri wanaoweza kukaa nayo mwaka mzima, sehemu mbili tatu kwa wiki. Ukiibugia, vita vyote vinafanana. Na tafuteni Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa mwishoni mwa 2012. Ni habari ya Cheche, mpiga picha wa Bagamoyo, na wanawake waliomzunguka. Ilitengenezwa ibebe mafunzo ya afya na uzazi, na kuna mahali mafunzo yanatokeza mno, lakini Kiswahili chake na nyumba zake ni zetu, na mtu wa Tanga hahitaji mtafsiri. Hapo nasema moja bila kuzunguka: tunaponunua kazi ya Mtanzania kwenye flashi, mtunzi wake hapati senti. Sheria ya Hakimiliki tunayo tangu 1999. Ya Kikorea imeshalipiwa kwao. Ya kwetu tukiiiba hakutakuwa na sizoni ya pili.

Mizani yangu basi inalala wapi? Sitamwambia shemeji asikeshe. Wenye zamu, wenye bahari, wenye likizo, waangalie watakavyo. Sisi tulio na jioni zetu, ambao kazi inatuachia saa ya kukaa pamoja, naona tunaitupa nafasi ambayo wenzetu hawakupewa. Sehemu mbili kwa usiku, wote mkiwa pamoja, simu chini, halafu zimeni na mbishane.

Tumejaribu nyumbani kwa shangazi. TV sasa ni ya bapa, flashi inachomekwa ubavuni, na tunaangalia Jumong shemeji akiwapo, yaani mbalamwezi tu. Tulianza sehemu mbili mbili, usiku mmoja tukateleza tukaenda nne, shangazi akakataa na akaichukua flashi. Tumefika ya 34. Juzi giza limeingia, shemeji amerudi Deep Sea, na flashi iko kwenye kopo la sukari juu ya kabati. Wifi ana yakini kwamba Jumong atamrudia Soseono. Shangazi anasema haiwezekani, mwanamke yule ana akili ya biashara, hasubiri mtu. Mimi bado sijaamua, na mwezi hautajaa kabla ya wiki tatu.