Kitanda cha landilodi, kitanda cha Kibuye

Mdogo wangu alinipigia vidio juzi nikiwa ndio nimetoka shifti ya usiku, nikamzungushia simu aone chumba, akaona kitanda, meza, kiti, kabati la nguo, akasema "Aii, wewe ulipewa chumba na kila kitu ndani, sisi huku unaingia hata globu mwenye alihama ametoa akaenda nayo." Sikuwa na nguvu ya kumjibu saa hiyo. Nimelala nikaamka na hiyo maneno bado iko kichwani, na najua si yeye peke yake anafikiria hivyo, kwa hivyo wacha niseme vile mimi naona.

Niko Leeds, Uingereza, mwaka wa nne sasa, nafanya kazi ya kutunza wazee. Kabla ya hapo nilipanga mtaa wa Manyatta, Kisumu, Kenya, miaka sita, singo rumu. Na huko nyumbani na huku nimeshavunjikiwa na kitanda, ndio maana naongea kitu ninachokijua.

Nilipoingia Manyatta nilikuwa na godoro, sufuria mbili, jiko la makaa na ndoo. Chumba kitupu, sakafu ya simiti, misumari mitatu ukutani basi. Nililala chini karibu miezi miwili nikiweka pesa kidogo kidogo mpaka nikaenda soko la Kibuye kwa wale mafundi wa kando ya barabara, nikachagua kitanda cha 4 kwa 6 cha saipresi, hakijapakwa hata vanishi, tukavutana bei mpaka tukasikizana, kikafunguliwa kikapakiwa kwa mkokoteni tukapita nacho Kondele mchana kweupe mimi nikifuata nyuma nimeshika kichwa cha kitanda kisianguke, na watu wanakuangalia wanajua huyu sasa ameanza maisha. Harufu ya ile mbao ilikaa chumbani wiki nzima.

Kikavunjika mwaka wa pili. Binamu zangu walikuja kuangalia mechi, chumba chenyewe kidogo, wote wanne wakakaa upande mmoja wa kitanda, ule ubao wa ubavuni ukakatika ulimi, pale unapoingia kwa mguu. Usiku huo tuliweka godoro chini. Asubuhi nikabeba ubao begani na ule mguu mkononi mpaka Kibuye kwa fundi yule yule. Akaugeuza geuza, akapitisha kidole pale palipokatika akaniambia, "Nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo, "hii mbao haijafa, ni ulimi tu umekatika." Akanionyesha fundo dogo jeusi karibu na ulimi, akasema wakati anakata hakuliona, mbao yenye fundo hapo haibebi, kwa hivyo hiyo ni yake, mimi nilipe gundi na kile kipande cha mbao tu. Mimi nikasema, "Sawa baba." Nilikaa kwa stuli nikiangalia. Alitoboa tundu jipya na patasi, akachonga ulimi mpya kutoka mbao nyingine, akaujaribu, haukuingia, akapitisha randa mara mbili, akaujaribu tena mpaka ukaingia kwa kugongwa na kiganja si nyundo. Akapaka gundi, halafu akachukua blada ya baiskeli iliyokatwa ukanda mrefu, akaizungusha akiivuta kwa nguvu zake zote mpaka gundi ikatokea kwa pembeni kama maziwa. Akaniambia nisiifungue mpaka kesho. Nililipa shilingi 250. Hicho kitanda hakijawahi kukatika hapo tena.

Sasa njoo Leeds.

Chumba changu cha kwanza kilikuwa ndani ya nyumba ya mtu, yaani landilodi anaishi hapo hapo, jikoni ni moja, choo ni kimoja. Dipositi paundi 350. Kitanda cha futi tatu, kile cha kukaa mtu mmoja, na si mbao, ni yale maranda yaliyoshindiliwa na gundi halafu yakabandikwa karatasi yenye picha ya mbao juu. Mwezi wa pili nimetoka kazini miguu imevimba, nikakaa nivue viatu, nikasikia kwaa, upande wote umeenda chini. Skrubu ilikuwa imeng'oka. Na kwa hiyo chipubodi skrubu iking'oka mara moja imeisha, tundu linabaki unga unga, ukiirudisha inazunguka tu haishiki kitu.

Nilifanya kile mtu yeyote wa kwetu angefanya. Nilienda duka la vifaa nikanunua gundi, vyuma viwili vya kona na skrubu fupi, nikaazima bisibisi kwa mwenzangu wa kazini, siku yangu ya ofu nikakitengeneza. Nilikitengeneza vizuri, nasema hivyo bila kujisifu, kilinibeba miezi mitano bila hata kulia. Sikumwambia landilodi kwa sababu sikuona kuna cha kuambiana, kitu kimevunjika nimekitengeneza na pesa yangu, kwetu hapo ungeshukuriwa.

Siku ya kuhama akainua godoro, akaona vile vyuma. Akasema nimeharibu kitanda halafu nikaficha. Akakata paundi 120 za kununua kingine kipya. Nilijaribu kumweleza kwamba kilianguka chenyewe, kwamba kilikuwa kimechoka nikikuta, akaniuliza kwa nini basi sikumwandikia siku ile ile. Sikuwa na jibu. Hiyo pesa iliniuma, ilikuwa jasho la zaidi ya siku moja, lakini kilichoniuma zaidi ni hilo neno kuficha, kwa sababu nililelewa kwamba ukivunja kitu cha mtu unakitengeneza ndio uonekane una adabu. Na hicho kitanda, ambacho kilikuwa kinasimama vizuri kabisa, kilitolewa uani siku hiyo hiyo. Nilirudi baada ya siku tatu kuchukua barua zangu nikakikuta kinanyeshewa, ile chipubodi imevimba kama mkate uliotumbukizwa kwa chai, karatasi ya juu imebanduka, vyuma vyangu vya kona bado vimeshika. Nilisimama hapo nikiviangalia.

Hapo ndio nilianza kuelewa huku kitu kikivunjika swali la kwanza ni nani atalipa. Nani atakitengeneza hata haliulizwi, kwa sababu fundi hakuna. Yaani wako, lakini kumwita mtu aje kwa saa moja inaweza kuzidi bei ya kitanda kipya cha chipubodi, na hata akija atatengeneza nini, unga? Mwenye alikitengeneza humjui, ni mashine mahali fulani, hakuna wa kumpelekea ubao umwambie baba ona. Kwa hivyo kila mtu anatupa. Na kutupa kwenyewe si bure, huwezi kuweka kochi barabarani ukaenda, England faini ya papo hapo ya kutupa taka ovyo inaweza kufika paundi 1,000 tangu 2023, unaita kaunsili, yaani serikali ya mtaa, wanakupangia siku, na kaunsili nyingi unalipia. Makochi mengi ya zamani tena tangu Januari 2023 hayaruhusiwi kufukiwa dampo, yanachomwa, kwa sababu ya dawa za kuzuia moto zilizowekwa ndani ya kitambaa na sponji. Mimi nikiona kochi zima limewekwa nje tayari kubebwa huwa natembea pole pole nikiliangalia, najua mama fulani Nyalenda angelishonea kitambaa kingine likae miaka kumi.

Lakini siwezi sema uongo, kuna kitu huku wanacho ambacho sisi hatuna, na nilikijua kwa chumba cha pili. Hicho cha pili kilikuwa nyumba ya kushare na wapangaji wengine, landilodi anaishi kwingine, kuna ejenti katikati. Sheria ya England, hii imekuwepo tangu Aprili 2007, inasema dipositi ya mpangaji wa namna hiyo haikai mfukoni mwa landilodi vile anataka, lazima iandikishwe kwa skimu iliyoidhinishwa, yaani mpango wa kulinda dipositi, ndani ya siku 30, na asipofanya hivyo korti inaweza kumwambia akulipe hiyo pesa mara moja mpaka mara tatu. Na tangu 2019 hawezi kukuitisha dipositi ya zaidi ya wiki tano za kodi, labda kama kodi yenyewe ni kubwa sana ya matajiri. Yule wa kwanza, kwa sababu nilikuwa naishi naye nyumba moja, sheria ya skimu haikumgusa. Hakuna aliyeniambia. Watu wetu wengi wakifika wanaanzia kwa vyumba kama hivyo, vya haraka, vya rafiki ya rafiki, na hapo ndipo wanaumia.

Kwa chumba cha pili nilipewa inventori, karatasi kumi na kitu, kila kitu kimeandikwa mpaka alama ya kikombe juu ya meza. Kwa kile chumba cha kwanza singesoma. Hii niliisoma nimekaa sakafuni, nikainua godoro, nikafungua kila droo, nikapiga picha za kila kitu, miguu ya kiti, nyuma ya kabati, nikatuma kwa imeli siku hiyo hiyo. Kiti cha meza kilikuwa kimeandikwa kiko sawa na hakikuwa sawa, kilikuwa kinayumba. Mwaka na nusu baadaye nikihama ejenti akadai paundi 95 za kiti. Nikakataa. Ikaenda kwa mwamuzi wa ile skimu, huduma yenyewe hulipii, na kumbe ni landilodi ndiye anatakiwa kuthibitisha, si wewe kujitetea. Mwamuzi aliangalia picha zangu, akauliza kiti kina umri gani, kwa sababu kitu kuchakaa kwa kutumiwa kawaida mpangaji halipi, na landilodi hawezi kuchukua cha zamani akadai bei ya kipya. Pesa yangu ikarudi yote. Nilikaa kwa basi nikisoma hiyo imeli mara tatu.

Sasa nyumbani ungefanyia wapi hivyo? Manyatta dipositi yangu ya mwezi mmoja, shilingi 4,000, niliambiwa imeenda kwa rangi. Rangi yenyewe haikupakwa, jamaa aliyeingia baada yangu aliniambia alikuta misumari yangu ukutani. Wengi wetu tunajua hiyo, ndio maana mtu akitaka kuhama anakula dipositi mwezi wa mwisho, halipi kodi, anaambia keateka wamalizane na hiyo. Sheria yetu ya Kenya ya kodi ya nyumba, ile Rent Restriction Act, Cap 296, inalinda nyumba za watu ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mimi na 4,000 yangu ya chumba kimoja nilikuwa nje ya hiyo sheria tayari. Hiyo naona ni aibu ya kweli, mtu wa singo rumu asiwe na skimu kama hiyo ya kupeleka kesi ya elfu nne, na kama wabunge wetu wanataka kuiga kitu kutoka huku waache mambo mengine waige hicho.

Lakini ukiniuliza nichague, na mdogo wangu aliuliza hivyo hivyo, mimi ningechukua chumba kitupu. Chumba chenye kila kitu ndani kinakuweka kama mgeni ambaye haondoki. Unakalia kiti ukikichunga, unaogopa kusogeza kabati, ukigonga msumari wa kalenda unafikiria paundi ngapi. Kule Manyatta kitanda kikilia usiku nilijua ni bolti gani, nilikuwa na spana chini ya godoro, naamka nakaza nalala. Mkono wangu ulikuwa unajua vitu vyangu. Huku mkono ukigusa ni makosa, unaandika imeli unasubiri.

Kwa hivyo nyinyi mnaokuja kutoka Kisumu, Kakamega, Nakuru huko, kabla hujaweka begi chini inua godoro. Piga picha zenye tarehe. Uliza dipositi imeandikishwa wapi, na kama mwenye nyumba anaishi hapo hapo jua hakuna skimu itakuokoa, kwa hivyo muandikishane wenyewe na usitoe pesa nyingi. Kitu kikivunjika hata kama unaweza kukitengeneza kwa dakika tano usikiguse, andika kwanza, subiri ujibiwe, najua itakukera, mimi bado inanikera.

Kile kitanda cha saipresi nilikiacha kwa mama kule Seme, ndicho mdogo wangu analalia sasa. Kwa hiyo hiyo simu ya juzi aliniambia ubao wa upande ule mwingine umeanza kupasuka, anafikiria kuuweka jikoni uwe kuni anunue cha chuma. Nilimkatalia kabla hajamaliza kusema. Nikamtumia mia tano kwa M-Pesa, nikamwambia aupakie kwa boda aupeleke Kibuye, amuulize fundi kama bado yuko. Jioni akanitumia picha. Yuko, amezeeka kidogo. Ubao uko kwa meza yake na blada nyeusi imezungushwa mara sita.