Harusi Kwenye Veranda ya Wawindaji

Mwaka jana nilialikwa harusi katika hoteli ya Norfolk, Nairobi. Bustani ilipendeza, na akina mama walipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Kabla ya keki kukatwa, mshereheshaji alitusimulia historia ya mahali penyewe: hoteli ilifunguliwa Krismasi ya 1904, walowezi wakaifanya kijiwe chao, na wawindaji wakawa wanakutana hapo kabla ya kuingia porini. Akamtaja Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani. Ukumbi ukapiga makofi.

Mimi sikuweza. Msafara wa Roosevelt wa 1909 ulibebwa na wapagazi zaidi ya 200. Chumvi ya kuhifadhia ngozi peke yake ilikuwa tani 4. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Hata neno safari walilojivunia lilitoka kinywani mwa watu waliotwishwa mizigo hiyo.

Kinachoniuma zaidi ni tarehe 16 Machi 1922. Umati ulikuwa umekusanyika mbele ya kituo cha polisi, karibu kabisa na hoteli, ukidai Harry Thuku, mtetezi wa haki za Waafrika aliyekuwa amekamatwa na serikali ya kikoloni, aachiliwe. Wanaume walipoanza kutawanyika, mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, alipandisha nguo yake hadi mabegani akawaambia waichukue, wao wampe suruali zao. Umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi, na walowezi waliokuwa kwenye veranda ya Norfolk nao wakafyatua. Serikali ilitaja waliokufa kuwa 21. Wengine walihesabu wengi zaidi. Muthoni alikuwa mmoja wa waliouawa.

Leo barabara inayopita langoni inaitwa Harry Thuku. Jina lake limo kwenye kadi za mwaliko, chini ya saa ya kuanza sherehe, nasi tunalisoma kama anwani tu.

Sisemi harusi zihamishwe. Zifanyike papo hapo, tena kwa ngoma! Nilimtazama bibi ya bwana harusi ameketi meza ya mbele, mahali ambapo enzi za ujana wake Mwafrika alifika akiwa amebeba sinia, nikafurahi kwa dhati. Ila anayeshika kipaza sauti akiamua kusimulia, asiishie kwa wenye bunduki.

Binamu yangu anaolewa Desemba, hapo hapo. Nimemwomba dakika mbili kabla ya keki, naye amekubali. Nitaanza na Muthoni.