Ukoo wa Capet: Bahati ya Uzazi au Akili ya Utawala?

Oktoba 1131, kijana wa miaka 15 alikuwa akipita kwa farasi katika mtaa wa Paris, nguruwe akakurupuka na kuingia miguuni mwa farasi. Farasi akaanguka na kijana akafa. Aliitwa Philippe, na tayari alikuwa mfalme, kwani baba yake, Louis VI wa Ufaransa, alimtawaza mwaka 1129 angali hai yeye mwenyewe. Tarehe 25 ya mwezi uleule mdogo wake Louis, aliyekuwa akilelewa kwa ajili ya kazi za Kanisa, alipakwa mafuta mjini Reims kwa mkono wa Papa Innocent II. Matanga hayajaanuliwa, pengo limeshazibwa.

Katika kisa hicho kuna mgogoro mzima kuhusu wafalme wa kwanza wa ukoo wa Capet. Kuanzia Hugues Capet mwaka 987 hadi kifo cha Louis X mwaka 1316, wafalme 12 walifuatana Ufaransa, kila mmoja akimwachia mwanawe kiti. Hiyo ni miaka 329. Wapo wanaosema ni akili: baba alimtawaza mwana mapema, hivyo siku ya msiba hapakuwa na kiti kitupu cha kugombewa. Wapo wanaosema ni bahati tu ya kupata watoto wa kiume, wala haina fundi.

Wenye kutetea akili huanza na Hugues mwenyewe, na wana haki ya kuanzia hapo. Alitoka katika ukoo mkubwa. Babu wa baba yake, Robert le Fort, aliuawa mwaka 866 akipigana na Wanormani, wavamizi wa baharini kutoka kaskazini, na wana wawili wa Robert huyo, Eudes na Robert, walipata kuwa wafalme. Lakini taji halikukaa nyumbani mwao. Lilirudi kwa kizazi cha Karolo Mkuu, ukoo wa kifalme wa zamani. Mwaka 987 Louis V alipokufa bila mtoto, mrithi wa damu alikuwepo: Charles, ami yake, mtawala wa Lorraine ya Chini. Askofu Mkuu Adalbéron wa Reims ndiye aliyewageuza wakuu waliokutana Senlis. Mtawa Richer, aliyeishi zama hizo, anaandika kwamba askofu aliwaambia ufalme haupatikani kwa urithi. Apewe mtu mwenye hadhi na busara. Wakamchagua Hugues.

Hugues aliyepewa kiti kwa hoja hiyo hakukaa nayo hata mwaka. Krismasi ya mwaka uleule alimtawaza mwanawe Robert mjini Orléans. Kwa maelezo ya Richer, Adalbéron alisita, akisema haifai kutawazwa wafalme wawili mwaka mmoja. Hugues akatoa barua ya mtawala wa Barcelona aliyeomba msaada dhidi ya Waislamu, akasema akifia vitani nchi itabaki bila kiongozi. Safari hiyo ya vita haikufanyika. Anayetafuta ujanja wa kisiasa atauona hapo waziwazi.

Hoja yao nzito zaidi, kwangu mimi, ni ya mwaka 1059. Henri I, mjukuu wa Hugues, alimtawaza mwanawe Philippe akiwa na miaka kama saba. Mwaka uliofuata Henri akafa. Mtoto mdogo, makabaila wenye majeshi kumzidi, Normandie mikononi mwa Guillaume, yule atakayeiteka Uingereza mwaka 1066. Hata hivyo hakuna aliyemnyang'anya. Baudouin wa Flanders, mume wa shangazi yake, akamlea na kumtunzia nchi mpaka akakua. Sioni namna ya kulieleza jambo hilo pasipo kuupa uzito upako wa Reims.

Hata hivyo, naona upande huu unajibebesha sifa zisizo zake. Kumtawaza mwana mapema hakukuanzia kwa Hugues: Lothaire wa ukoo wa Karolo Mkuu alimtawaza mwanawe Louis V mwaka 979. Hata desturi ya kutougawa ufalme baina ya ndugu ilikuwepo tayari. Lothaire alipewa ufalme wote mwaka 954, na Charles, ndugu yake, akaambulia patupu, ndipo akaenda kutafuta cheo kwa kaizari wa Ujerumani, kile cha Lorraine ya Chini, kilichokuja kumponza mwaka 987 kwa kuwa alionekana mtumishi wa mfalme mgeni. Ukoo wa Capet ulirithi dawa ileile ambayo haikumponya aliyeitumia kwanza.

Tuitazame Ujerumani pia. Makaizari wa huko waliwatawaza wana wao wakiwa hai, tena mara nyingi, lakini Otto III alikufa mwaka 1002 bila mtoto na Henri V mwaka 1125 bila mtoto halali, na kila mara kiti kikarudi kwa wapiga kura. Uingereza, Henry I alimpoteza mwanawe wa pekee wa ndoa baharini mwaka 1120. Akawaapisha wakuu wamtii binti yake Matilda, na alipokufa mwaka 1135 viapo vikavunjwa, nchi ikaingia vitani.

Karibu yaipate hayo Ufaransa. Louis VII, yule mdogo mtu wa 1131, alizaa mabinti wawili na Aliénor wa Aquitaine. Ndoa ikabatilishwa mwaka 1152, akaondoka na Aquitaine yake yote, akaolewa mwaka huohuo na Henri Plantagenet, atakayekuwa mfalme wa Uingereza, akamzalia wana watano. Mke wa pili akazaa mabinti wawili, akafariki mwaka 1160. Kabla mwaka haujaisha Louis alimwoa Adèle wa Champagne, na mwaka 1165, baada ya miaka 28 ya ufalme, akazaliwa Philippe, aliyeitwa zawadi ya Mungu. Mfalme aliyebadili wake namna hiyo hakuwa akiiachia bahati ijiendeshe. Lakini hakuna baraza wala upako ungemzalia mwana.

Kwa hiyo naiweka bahati mbele. Akili ya ukoo huu naiona zaidi katika kile walichowafanyia wana waliobaki. Robert II, yule aliyetawazwa Orléans, alitawazisha mwanawe Hugues mwaka 1017, akaasiwa naye. Hugues akafa mwaka 1025, nafasi ikaenda kwa Henri. Ndugu wa Henri, aliyeitwa Robert kama baba yao, alipewa Bourgogne mwaka 1032, na mlango huo ukatawala huko hadi 1361. Ndugu alipata pa kukaa, na taji likabaki zima.

Philippe wa 1165, tunayemjua kama Philippe Auguste, hakumtawaza mwanawe mapema, na mwaka 1223 Louis VIII alirithi bila kupingwa. Kisha bahati ikaisha. Jean, mwana wa Louis X, aliishi siku tano tu mwaka 1316, na ami zake wawili waliotawala baadaye wakafa bila kuacha mwana wa kiume. Mwaka 1328, kiti kilipobaki kitupu, Edward III wa Uingereza alikuwa mjukuu wa Philippe IV, baba wa Louis X, kwa binti. Lakini wakuu wa Ufaransa wakampa taji Philippe wa Valois, mjukuu wa Philippe III kwa upande wa kiume, naye damu ya Hugues Capet.