Kuuza shimesikio bila mtaalamu: faida ipo, lakini ni ya nani?

Tarehe 17 Oktoba 2022 Marekani ilianza kuruhusu shimesikio, yaani vifaa vya kukuza sauti vinavyovaliwa sikioni, ziuzwe moja kwa moja kwa mnunuzi. Mtu mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, anayejiona amepungukiwa usikivu kidogo au kwa kiasi cha wastani, halazimiki tena kupimwa, kuandikiwa wala kurekebishiwa kifaa na mtaalamu. Sheria ya kufungua njia hiyo ilipitishwa mwaka 2017, na miaka mitano iliyofuata ikaishia katika mabishano juu ya kanuni. Septemba 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ikaongeza hatua nyingine: iliidhinisha programu inayogeuza visikilizi vya kawaida, AirPods Pro, kuwa kifaa cha kumsaidia mtu asiyesikia vizuri.

Mjadala ulioibuka hauishii Marekani. Unahusu nani awe mlinzi wa mlango wa huduma ya usikivu, na kama mlango huo unahitaji mlinzi hata kidogo. Wapo wanaosema mtaalamu ndiye kizuizi, aondolewe. Wapo wanaosema mtaalamu ndiye huduma yenyewe, na kifaa bila yeye ni chuma tu. Nimezipima hoja za pande zote mbili, na naona kila upande umeshika kitu cha kweli. Lakini zote mbili zinatazama siku ya kununua, wakati mambo huharibika baadaye.

Tuanze na ukubwa wa tatizo. Ripoti ya usikivu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2021 inakadiria kuwa watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na kwamba takribani milioni 430 kati yao wanahitaji huduma. Katika kila watu 100 ambao wangenufaika na shimesikio, wanaozitumia ni kama 17 tu. Ripoti hiyohiyo ina takwimu nyingine ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi: asilimia 93 ya nchi za kipato cha chini zina mtaalamu wa usikivu chini ya mmoja kwa kila watu milioni moja. Hapa hoja ya kwamba kila mtu apite kwa mtaalamu kwanza inayumba. Mahali ambapo mtaalamu hayupo, sharti hilo halimlindi mgonjwa, linamfungia nje.

Na kufungiwa nje kuna gharama ambayo mwenye masikio mazima haioni kwa urahisi. Upotevu wa usikivu unaokuja na umri, au unaotokana na kelele za muda mrefu, kwa kawaida huanza kwenye sauti nyembamba. Irabu hubaki, konsonanti huyeyuka. Mtu anasikia kwamba fulani anaongea, lakini hajui kama amesema fika, shika au pika. Ndiyo maana wengi husema "nasikia, ila sielewi", na ndiyo maana jamaa zao huwadhania wanapuuza, wana kiburi, au akili imeanza kuchoka. Anayesikia nusu hulazimika kuijaza nusu nyingine kwa kukisia siku nzima: anasoma midomo, anatazama nyuso, anacheka wengine wanapocheka. Jioni amechoka kama aliyefanya kazi nzito. Baada ya muda anaanza kukwepa mikusanyiko, halafu simu, halafu maongezi ya mezani. Hakuna siku moja anayoweza kuitaja kuwa ndiyo siku aliyojitenga. Anayedai watu hawa waruhusiwe kujinunulia kifaa leo, badala ya kusubiri miadi isiyofika, anazungumzia maisha yanayopotea polepole, na mimi niko upande wake katika hilo.

Ushahidi nao unampa nguvu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria walichapisha jaribio lililowahusu watu wazima 64 wenye upungufu mdogo au wa wastani. Nusu walijirekebishia kifaa wenyewe kwa kutumia programu ya simu, nusu wakarekebishiwa na mtaalamu. Baada ya wiki sita hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo, si katika kuelewa maneno palipo na kelele, si katika watumiaji walivyoona faida yake. Matokeo kama haya anaweza kuyapuuza tu anayeipenda taaluma yake zaidi ya wagonjwa wake.

Hata hivyo, upande wa pili haujakosa la kusema, na baadhi ya wanayosema ni ya hatari kuyasahau.

La kwanza ni kwamba kutosikia ni dalili, na dalili ina chanzo. Inaweza kuwa nta iliyoziba, ambayo huondolewa na kazi ikaisha. Inaweza kuwa usaha wa sikio la kati, unaohitaji tiba. Inaweza kuwa uvimbe usio wa saratani kwenye neva ya kusikia, ambao mara nyingi hujitokeza kwa sikio moja kusikia vibaya kuliko jingine. Inaweza kuwa dawa: gentamisini, inayoua bakteria, na nyingine za jamii yake, na sisplatini inayotibu saratani, zinajulikana kudhuru seli za usikivu. Hali inayonitia hofu zaidi ni sikio kupoteza usikivu ghafla, ndani ya saa chache au siku tatu. Hiyo ni dharura. Dawa za steroidi zinaweza kusaidia, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo matumaini yanavyokuwa makubwa. Wiki zikipita, nafasi inafifia. Mtu aliyeamka asubuhi na sikio lililozima, akaenda kununua kifaa cha kukuza sauti na kuketi kusubiri azoee, anaweza kuipoteza nafasi hiyo kabisa.

Watetezi wa uuzaji huru hujibu kwamba kanuni za Marekani zinalazimisha maonyo hayo yaandikwe kwenye kifurushi: maumivu, damu au usaha, kizunguzungu, mlio wa upande mmoja, mabadiliko ya ghafla, tofauti kati ya masikio mawili. Ni kweli yameandikwa. Lakini onyo lililoandikwa linamfaa anayesoma, tena anayesoma kabla ya kuvaa. Sioni kuwa hoja hii inatosha kuzuia uuzaji, kwa sababu aliyeko mbali na hospitali hakuwa na kinga yoyote hata kabla ya hapo. Inatosha, hata hivyo, kudai kwamba anayeuza awe amefundishwa kuuliza maswali hayo sita kwa mdomo.

La pili linahusu ulinganisho unaopendwa sana na watetezi: miwani ya kusomea. Miwani inauzwa bila cheti na hakuna anayelalamika, kwa nini sikio liwe tofauti? Ulinganisho huu umesaidia kuondoa aibu, na kwa hilo unastahili sifa, lakini unamdanganya mnunuzi kuhusu kinachomngoja. Lenzi hurudisha picha mahali pake na jicho huona papo hapo. Sikio lililopungua usikivu kwa kawaida limepoteza seli za vinyweleo, zile zinazopokea sauti ndani ya koklea, yaani sehemu ya ndani kabisa ya sikio, na kwa binadamu seli hizo hazioti tena. Kifaa hakirudishi kilichokufa. Kinapeleka sauti kubwa zaidi kwenye seli zilizobaki, ambazo mara nyingi zina tabia ya ajabu: sauti ndogo hazizifikii kabisa, huku sauti kubwa zikiumiza kama kawaida au zaidi. Nafasi kati ya "sisikii" na "inaniumiza" imekuwa finyu, na kifaa kinatakiwa kupita humo.

Kisha kuna ubongo. Aliyekaa miaka bila sauti nyembamba, siku ya kwanza ya kuvaa shimesikio husikia kijiko kikigonga sahani, karatasi ikikunjwa, maji ya bomba, nyayo zake mwenyewe. Sauti yake humrudia kana kwamba anaongea ndani ya pipa. Hiyo ni hali ya kawaida na kwa wengi hupungua ndani ya wiki kadhaa za kuvaa kila siku. Asipokuwepo mtu wa kumwambia hivyo, anahitimisha kuwa kifaa ni kibovu, au kwamba yeye hasaidiki. Anakivua. Kinaingia kwenye droo, na hapo ndipo shimesikio nyingi huishia, zikiwamo zilizoandikwa na wataalamu wenye vyeti vyote.

Jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2017 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, linaonyesha hili vizuri. Watu wazima 154 waligawanywa: baadhi walipata vifaa pamoja na huduma kamili ya mtaalamu, baadhi wakajichagulia vifaa vilevile wenyewe kama wangekuwa dukani, na kundi la tatu likavaa vifaa visivyoongeza sauti. Kwa faida ya kusikia, makundi mawili ya kwanza yalikaribiana. Lakini muda wa majaribio ulipokwisha, asilimia 81 ya waliohudumiwa walitaka kubaki na vifaa vyao, dhidi ya asilimia 55 ya waliojichagulia. Kifaa kilekile, manufaa yaleyale sikioni, ila mmoja anakihifadhi na mwenzake anakirudisha. Kila upande hunukuu nusu ya utafiti huu inayoupendelea. Ukiusoma mzima, unasema kwamba mtu anaweza kujichagulia, lakini anahitaji wa kumshika mkono baada ya hapo.

Tahadhari hiyohiyo inahitajika kwa jaribio la ACHIEVE, lililochapishwa mwaka 2023 katika jarida la The Lancet. Liliwafuatilia watu 977 wenye umri wa miaka 70 hadi 84 kwa miaka mitatu, kuona kama huduma ya usikivu hupunguza kasi ya akili kufifia. Kwa jumla, tofauti haikuonekana. Katika kundi lililokuwa na hatari kubwa zaidi, kasi ilipungua kwa asilimia 48. Wauzaji wamelishika jambo hili la pili na kulitangaza kana kwamba kifaa kwenye boksi kinazuia usahaulifu. Ukweli ni kwamba washiriki hawakupewa boksi. Walipewa wataalamu, vikao kadhaa, mafunzo na ufuatiliaji.

Kwa hiyo ninaona ugomvi kati ya duka na kliniki umewekwa mahali pasipo penyewe. Mwaka 2024 WHO ilitoa mwongozo wa utoaji wa huduma za shimesikio kwa nchi za kipato cha chini na cha kati, na kiini chake ni kushirikisha majukumu: watu wasio wataalamu wafundishwe kupima, kuchungulia sikio, kutambua dalili za kupelekwa mbele, kurekebisha kifaa, na kumwona tena mtumiaji. Baadhi ya wataalamu wanalalamika kwamba huko ni kushusha viwango. Naielewa hofu yao, kwani mafunzo ya muda mfupi yanaweza kugeuka leseni ya kubahatisha. Lakini kiwango cha juu kisichomfikia mtu ni kiwango cha karatasi tu, na mhudumu wa afya wa kawaida anayejua mipaka yake ana thamani kuliko mtaalamu anayehudumia milioni.

Mipaka hiyo isichezewe hata kidogo kwa watoto. Mtoto hupima dunia kwa anachosikia au anachokiona kikisemwa kwa mikono, na lengo linalokubalika na wengi ni achunguzwe kabla ya mwezi mmoja, athibitishwe kabla ya miezi mitatu, aanze kuhudumiwa kabla ya miezi sita. Kanuni za Marekani zimemweka nje ya uuzaji huru, na zimefanya vyema. Wenye upungufu mkubwa nao wamo nje. Kifaa cha dukani hakiwatoshi. Na wapo viziwi ambao lugha yao ni lugha ya alama, ambao wanachodai ni wakalimani, walimu na maandishi kwenye runinga. Hofu yangu kubwa kuhusu uuzaji huru ni ya kisiasa: waziri atakayeona vifaa vimejaa rafuni anaweza kutangaza kuwa suala la usikivu limemalizika, na bajeti ya makundi haya ikakatwa kimya kimya.

Kuna pengo moja katika kanuni za Marekani ambalo nchi yoyote itakayoiga ingeweza kuliziba tangu mwanzo. Zinamtaka mtengenezaji aeleze kama anakubali kurudishiwa kifaa, lakini hazimlazimishi akubali. Kwa bidhaa ambayo wiki za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote, mnunuzi apewe muda wa majaribio kisheria, na gharama ya kuonana na mhudumu aliyefunzwa angalau mara moja ndani ya muda huo iwe tayari imo kwenye bei.