Mhasibu hatoshi: hoja juu ya kazi ya rasilimali watu Mwanza

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu za ndugu huanza. Safari hii alipiga shemeji yangu wa Nyakato: "Shemeji, hebu ongea na huyu mtoto. Ameng'ang'ania HR. Asome miaka mitatu ili aje kufukuza watu?" Nilicheka, maana kazi hiyo ya rasilimali watu ndiyo imenilea hapa mjini, na maneno hayo nimeyasikia hadi msibani.

Shemeji hasemi upuuzi. Waajiri wengi wa kanda hii ni biashara za familia: mabasi, hoteli, shule binafsi, maghala ya dagaa. Mwenye mali anashika funguo, mpwa wake anasimamia vijana, mhasibu analipa. Serikalini, nafasi za afisa utumishi zikitangazwa na Sekretarieti ya Ajira, waombaji wanafurika. Kijana anaweza kutoka chuo kikuu pale Malimbe na shahada yake nzuri, akakaa nyumbani anasaidia duka la mama mwaka na zaidi. Hapo sina la kubisha.

Ninapobisha ni pale anaposema mhasibu anatosha kuifanya kazi ya HR.

Michango anaiweza, tena vizuri. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri na mfanyakazi wanachangia. Kuna asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na wafanyakazi wakifika 10 kuna tozo ya ufundi stadi, asilimia 3.5. Hizo ni hesabu tu.

Ila kiwanda kimoja cha minofu nilichowahi kufanyia kazi kilifunga mashine ya alama za vidole getini. Ofisini tulipongezana. Mwisho wa mwezi, akina mama wa chumba cha kukatia minofu wakaonekana watoro wakubwa, na sisi wa ofisini malaika. Mhasibu akakata mishahara kama mashine ilivyosema. Nilikwenda kusimama pale getini jioni. Mtu ameshinda ameshika sangara na barafu, vidole vimenyauka, vyeupe. Anabonyeza, mashine inakataa. Anafuta kwenye kanga, anabonyeza tena, inakataa. Nyuma foleni inasukuma, na daladala ya Buhongwa inapiga honi. Anaondoka. Asubuhi mashine ilikuwa imemsoma vizuri, vidole vikavu, kwa hiyo kumbukumbu zilionyesha ameingia na hakutoka. Chumba kile tukakirudishia daftari na kalamu, na mwezi uliofuata hela zao zikarudi. Mhasibu hakuwa mwizi. Kazi yake ilikuwa kusoma karatasi, na karatasi aliisoma sawasawa.

Sasa hili la kufukuza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka vitu viwili: sababu halali, na utaratibu wa haki. Wengi wanasikia cha kwanza tu. Mtu anakamatwa kaficha bondo, kile kifuko cha hewa cha sangara, ndani ya gambuti, na bondo linajulikana bei yake, msimamizi wa zamu anamtoa nje palepale kwa kelele. Hakuna barua ya tuhuma, hakuna kikao cha nidhamu, hakuna nafasi ya kujieleza. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mwenye kiwanda anaweza kuamriwa kumlipa aliyemwibia. Hapo ndipo matajiri wetu hugundua kwamba afisa waliyemwona gharama alikuwa wa bei rahisi.

Lakini kinachoninyima usingizi ni upande wa pili wa kesi hizo. Aliyeachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 za kupeleka lalamiko Tume. Thelathini! Mtu wa Ukerewe akiambiwa "we nenda, tutakuita," anapanda meli, anarudi kwao, analima kidogo, anasubiri simu. Anamwuliza mchungaji, anamwuliza mjomba. Akija kushtuka, siku ya hamsini imepita, na sasa lazima kwanza aombe kuongezewa muda na kueleza kwa nini alichelewa. Neno "tutakuita" limekula siku zake zote na halijaacha alama popote. Barua yenye tarehe, hata iwe chungu, inampa mahali pa kuanzia kuhesabu. Ndiyo maana huwa nawaambia wenzangu kwamba barua ya kuachisha kazi, ikiandikwa vizuri, inamlinda hata anayefukuzwa. Wananiona kichaa.

Sangara wanapoadimika ziwani ni hivyo hivyo. Kiwanda kinapunguza watu, na sheria inataka mwajiri atoe taarifa, aeleze sababu, ashauriane nao namna ya kuepuka punguzo au kuchagua nani aondoke. Kuna kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Aliyefanya kazi miaka 6 ana siku 42. Bila mtu wa kushika mafaili, nani atathibitisha kwamba ni miaka 6 na siyo mikataba ya miezi mitatu mitatu isiyojulikana ilianza lini?

Kuna pingamizi moja la shemeji ambalo sikulijibu vizuri: kwamba afisa huyu analipwa na mwajiri, basi ni wa mwajiri. Ni kweli. Mara mbili nimesaini barua ambazo sikuziamini, na moja ya hizo bado naikumbuka neno kwa neno. Anayeingia kazi hii ajue siku hiyo itamfikia.

Mwishowe nilimwambia shemeji ampe binti simu. Nikamuuliza, mwanangu, fildi, yale mafunzo ya vitendo, ikifika utaomba wapi? Akajibu haraka: benki, pale katikati ya mji. Nikamwambia aombe kiwanda cha samaki, zamu ya usiku. Posho huenda isiwepo, na gambuti aende nazo.