Ukurasa wa 208

Ukurasa wa 208 unaishia kwenye neno "ni". Mama muuza keki amesimama katikati ya sebule, watu wote wametulia na vikombe vyao vya chai, mvua inapiga vioo, naye anasema muuaji yumo humu humu ndani na jina lake ni. Nikafunua. Jalada. Jalada gumu la nyuma, lina duara la kikombe cha mtu aliyekuwa nacho kabla yangu huko Ulaya.

Saa saba za usiku, ndugu zangu. Mshumaa umebaki urefu wa kucha. Nikapekua chini ya kitanda, nikapekua ndani ya foronya, nikapekua hata gunia la mahindi, mimi, karani mstaafu, babu wa wajukuu wawili, mtu ambaye watu humwita kwenye vikao vya mahari kwa sababu ana kifua cha kutunza siri. Hakuna kitu.

Kitabu nilikinunua Kampala, juu ya turubai kando ya barabara, shilingi 3,000. Kilikuwa kimelazwa kati ya kitabu cha ufugaji wa nguruwe na Biblia isiyokuwa na Mwanzo. Ningekuwa na akili, ile Biblia ilikuwa inanionya.

Nilikichukua kwa sababu ya picha ya mbele: kijiji kidogo cha pwani, Uingereza, nyumba nyeupe, mashua tatu, paka. Nikasema hiki nitakielewa. Sisi huku Uganda hatuna bahari, lakini tuna ziwa la kilomita za mraba 68,000 na ushee tunalogawana na Tanzania na Kenya. Ukisimama mwaloni kwetu, upande huu wa Entebbe, ng'ambo huioni. Mawimbi yapo, dhoruba ipo, boti zinazama, samaki wanakuja wanapotaka wao. Kilichokosekana ni chumvi tu, nayo tunanunua dukani.

Basi katika kijiji hicho kuna mzee, katibu wa klabu ya mashua. Amekunywa chai yake ya usiku, akaanguka. Aseniki, ile sumu. Kitu hicho hakina harufu wala ladha ya kumshtua mtu, na Wafaransa, watu wasio na haya, walikiita unga wa urithi. Kilifanya kazi hiyo mpaka 1851 Waingereza wakatunga sheria: muuzaji aandike mnunuzi kwenye daftari, na unga wenyewe uchanganywe na masizi au nili usije ukadhaniwa sukari. Mama muuza keki anakwenda zake kwa muuza dawa, anafunua daftari, anasoma majina kama anayesoma orodha ya kwaya. Daftari! Hapa kwetu kijana wa dawa ya panya anapita na spika begani tangu saa kumi na mbili asubuhi, panya, mende, kunguni, panya, mende, kunguni. Mwulize majina ya wateja wake uone. Atakuuliza kama wewe ni mtu wa kodi.

Halafu msiba wenyewe. Mtu amekufa sebuleni na hakuna hata mmoja aliyepiga yowe. Hakuna turubai, hakuna viti vya kukodi, hakuna daftari la mabugo, yaani rambirambi, linalopita mikononi, hakuna shangazi wa mbali anayejitupa chini na kuinuka akiuliza kama chakula kimeiva. Wanasema tu inasikitisha, wanapaka siagi. Daktari anaitwa, dakika tano amefika, kwa miguu, na mkoba wake. Polisi anakuja kwa baiskeli yake na haulizi habari ya mafuta.

Na siri! Mpwa wa marehemu amerudi kutoka London usiku, amelala kijijini siku mbili, na hakuna aliyemwona. Siku mbili! Mimi juzi nilirudi na nusu kilo ya nyama, ndani ya gazeti, ndani ya mfuko, ndani ya koti, na jirani akanisalimia kwa kuniuliza kama pensheni imetoka.

Lakini nilisoma. Nilisoma siku nne. Nilikuwa nimebakiza kurasa 16 tu.

Asubuhi nikauliza.

"Mama Watoto, karatasi za mwisho za kitabu changu ziko wapi?"

"Zile zilizokuwa sakafuni?"

"Zilikuwa sakafuni?"

"Si ziliachia? Gundi imekufa. Nikaona ni taka, nikampa fundi wa chapati. Analia hana karatasi."

"Umempa fundi wa chapati muuaji wangu?"

"Baba Watoto, kunywa chai."

Nikakitazama kile kikombe. Nikamtazama mwanamke niliyeishi naye miaka 31. Nikavaa koti nikatoka bila kunywa.

Fundi wa chapati simlaumu, na nasema hivi nikiwa nimemlaumu sana. Zamani roleksi, chapati yetu ya kuviringishwa na mayai, ilifungwa kwa gazeti. Sasa magazeti watu wanayasoma kwenye simu, na simu haifungi roleksi. Kavera, mfuko wa plastiki, nayo hukatazwa kwa kelele, ikapumzika, ikakatazwa tena. Kwa hiyo mtu wa chapati siku hizi anawinda karatasi kama anavyowinda makaa. Daftari za watoto, barua za shule, kadi za harusi zilizopita. Juzi nilikula roleksi iliyofungwa kwa ombi la kazi la mtu, limeandikwa vizuri sana.

Nikamkuta stegini, kituo cha bodaboda, unga mpaka viwikoni, boda wamemzunguka. Nilianza kwa Kiganda, kwa adabu zote. Nikamwambia kijana wangu, kuna karatasi umepewa na mama, zina mambo yangu, nirudishie.

"Mzee, karatasi haiuzwi peke yake."

"Sinunui. Ni zangu."

"Nikikupa, roleksi nitaifunga kwa nini? Kiganja?"

Vijana wakacheka. Hapo damu ikapanda, na hasira yangu tangu ujana hutoka kwa Kiswahili. Nikafoka: "Karatasi ziko wapi? Nazitaka zote! Sasa hivi!"

Jamani. Ninyi wa Tanga na Mombasa mnadhani Kiswahili ni lugha ya mashairi na vibaraza. Huku kwetu watu wa rika langu wengi walikisikia kwanza kwenye kizuizi cha barabarani. Amin alikitangaza lugha ya taifa 1973, na waliokisema wakati ule walikuwa na bunduki begani. Leo ni lugha rasmi ya pili, Katiba imesema tangu 2005, lakini masikio hayasomi Katiba. Fundi aliinua mikono yote miwili, wa kulia ukiwa bado na chapati inayoning'inia. Boda mmoja akapiga moto akaondoka, abiria wake akabaki ameinua mguu. Muuza muwa akafunika muwa.

"Afande," fundi akasema, kwa Kiswahili cha kuomba, "leseni nililipa. Iko nyumbani."

"Mimi si afande! Ni karani mstaafu! Namtafuta aliyemuua mzee!"

Sentensi hiyo, ndugu msomaji, usiiseme stegini saa moja na nusu asubuhi.

"Mzee gani ameuawa?"

"Wa wapi?"

"Nilisikia mbwa usiku, mimi nilisema."

Kabla sijavuta pumzi walikuwa watu 30. Mama mmoja alishaweka mikono kichwani. Mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, akatokea na muhuri mfukoni, akiuliza barua inaandikwa kwa nani. Ikanibidi nisimame juu ya kreti ya soda niwasimulie kitabu chote, kuanzia paka. Niliwaambia habari za klabu ya mashua, za aseniki, za mpwa mwenye madeni, za kasisi aliyekuwa akificha barua, za mtunza bustani aliyefukuzwa bila mshahara, za daktari. Sijawahi kusikilizwa hivyo maishani mwangu, hata siku ya harusi yangu. Nilipofika kwenye "jina lake ni" nikanyamaza, stegi nzima ikasema, "Nani?"

"Ndiyo maana nataka karatasi."

Sasa mnafikiri fundi alinipa? Alisema kanuni ni kanuni. Nikanunua roleksi, 2,500, mayai mawili. Ikaja imefungwa kwa ukurasa wa 209. Nikaukunjua mafuta yakichuruzika mkononi, nikasoma kwa sauti: kabla mama muuza keki hajalitaja jina, upepo ukafungua dirisha na taa ikazimika. Shilingi 2,500 kusomewa habari za taa kuzimika, jambo ninaloletewa bure nyumbani!

Nikanunua ya pili. Ukurasa wa 223. Mama muuza keki na paka wake wanakunywa chai, ni majira ya kuchipua, na yule mtu walishamchukua. "Yule mtu" tu, bila jina. Kiingereza kilisema ni mwanamume. Hilo lingesaidia kama wanne wote wasingekuwa wanaume.

Boda wa helmeti ya njano akakumbuka. Alikula alfajiri, karatasi bado iko mfukoni, alikuwa anaiweka kwa kufutia plagi. Ukurasa wa 211: mama muuza keki anamwelekezea mpwa kidole.

"Ni mpwa!" akapiga kelele. "Nilijua. Mpwa anayerudi usiku!"

"Bado," akasema mwalimu wa msingi, mtu anayekula taratibu na kusoma kila anachofungiwa. Yeye alikuwa na ukurasa wa 213. Mpwa ametakaswa, usiku ule alikuwa kwa mwanamke. Anayeshukiwa sasa ni mtunza bustani.

"Mtunza bustani hakulipwa," mwingine akasema. "Akiua, ameua kwa haki."

Kijana mwingine akaleta ukurasa wa 215, nusu yake imeliwa. Kasisi analia. Kwa nini analia, ni ile nusu iliyoliwa. Walokole wawili wakasema kasisi aachwe, mtu analia kwa mambo mengi. Muuza muwa, ambaye sasa alikuwa amefunua muwa, akasema kasisi asiachwe. Mwenyekiti wa stegi akaona hali inaharibika, akaitisha kura za mikono. Mpwa 9, mtunza bustani 4, kasisi 11. Watatu wakampigia paka.

Kando yetu kuna mama anayeanika dagaa. Hakupiga kura. Alikuwa anapepeta, anatoa mchanga, kichwa chini. Akauliza hivi hivi:

"Huyo daktari alifika baada ya muda gani?"

"Dakika tano," nikasema.

Pepeto likasimama.

"Dakika tano?" akauliza mwenyekiti wa stegi.

"Tano."

"Na pikipiki?"

"Kwa miguu."

"Usiku?"

"Usiku. Mvua inanyesha."

"Basi alikuwa mlangoni," akasema mama wa dagaa, akaendelea kupepeta. "Mnatafuta nini tena?"

Watu wakatazamana. Miaka yote nimesoma, nimepigia taipureta faili za watu wakubwa, na sikuliona hilo.

Lakini mimi ni karani. Mimi nataka karatasi. Nikamkaba fundi: 217 iko wapi? Akafikiri, akapindua chapati, akafikiri. Za 219 na 221 aliwashia sigiri. Ya 217 alifungia mama mmoja aliyekuwa anawahi boti ya visiwani.

"Visiwa gani?"

"Ssese."

"Ssese kisiwa kipi?"

"Alisema visiwani, mzee."

Visiwa vya Ssese ni 84. Sikusema neno. Nilikula roleksi yangu ya kwanza, nikala ya pili, na ya tatu nilinunua kwa hasira tu, ikaja imefungwa kwa kadi ya mahafali.

Na yai sasa ni bei gani, tukiongea ukweli? Zamani fundi alivunja mayai mawili, ukayaona mawili. Siku hizi anavunja kwa mbali, anakoroga upesi, anaongeza kabichi, wewe unahesabu maganda. Mafuta tu ndiyo hayapungui. Kufika saa tatu kifua kilikuwa kinawaka kama nimemeza lile sigiri. Mama Watoto akasema hiyo ni aseniki, akacheka mpaka akakaa chini. Akanisindikiza zahanati.

Tulikaa kwenye benchi tangu saa tatu na nusu. Kulikuwa na mtoto anakohoa, mzee anasinzia begani kwangu, na redio inayotangaza sabuni. Saa sita wakasema daktari yuko njiani. Saa saba wakasema bado yuko njiani. Njia gani hiyo, anatembea kutoka Mombasa? Saa nane na dakika kumi akaingia, anafuta jasho, funguo mkononi. Nikamkazia macho toka juu mpaka chini. Huyu, nikamnong'oneza Mama Watoto, hawezi kuwa ameua mtu yeyote.

Akaniambia nipunguze mafuta. Vidonge nikapewa sita, vimefungwa kwenye karatasi. Nikaikunjua pale pale mlangoni, mikono inatetemeka. Hesabu za darasa la tano. Mtoto amepata zote isipokuwa namba 7, imepigwa mkasi mwekundu. Nikaomba kalamu mapokezi, nikaikokotoa mara mbili. Mtoto yuko sawa. Mwalimu ndiye aliyekosea.