Saruji Haifai Makaburi ya Kaole

Kilomita 5 hivi kutoka Bagamoyo, upande wa kusini, yapo magofu ya Kaole: misikiti miwili na makaburi ya mawe, mengine yenye nguzo ndefu upande wa kichwani. Vishimo vya mviringo kwenye nguzo ndimo zilimowekwa bakuli za kauri kutoka China. Mji ulikuwepo tangu karne ya 13, na habari za watu wake tunazipata zaidi kwenye mawe hayo. Hata hivyo ni habari za wenye mali. Asiye na kitu alizikwa mchangani, na alama yake imefutika. Kaburi la Sharifa, yaani mwanamke wa ukoo wa Mtume, bado watu wanalizuru kuomba dua.

Kwa hiyo mfuko wa saruji wa kukarabatia makaburi kama haya unaniudhi. Jiwe la matumbawe, ndilo walilojengea, lina vitundu. Linanyonya unyevu na kuutoa. Ukilipaka saruji, maji yanakosa njia, na chumvi ya bahari inajikusanya nyuma ya lipu. Ikikauka inageuka fuwele, inavimba, inamega jiwe. Siku lipu inapoanguka, inaondoka na uso wa jiwe pamoja na nakshi zake.

Dawa ni chokaa, ileile waliyojengea watu wa Kaole wenyewe. Chokaa ya tanuu izimwe kwa maji, kisha ikae kwenye pipa, imefunikwa na maji, kwa wiki kadhaa. Fundi mwenye haraka huruka hatua hii; punje zisizozimika huja kuvimba ukutani na kutoboa lipu. Changanya sehemu 1 ya chokaa na 3 za mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni usiuguse, ni kuongeza chumvi ileile unayoikimbia. Lowanisha jiwe kwanza, paka tabaka lisilozidi sentimita 1, kisha funika kwa magunia mabichi siku kadhaa. Jua la pwani likiliwahi, lipu hubaki unga.

Miche inayoota kwenye nyufa ikatwe, isivutwe: mara nyingi mizizi ndiyo inayoshikilia mawe. Na kabla ya yote hayo, kibali cha Idara ya Mambo ya Kale ya serikali. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda makaburi haya, hata dhidi ya wenye nia njema.